Logitech G PRO X: geti la maiki linakula maneno yako

Mambo vipi wadau. Leo siongelei besi wala mito ya masikio ya hii hedseti ya G PRO X. Imetoka 2019, wengi mshaivaa. Leo tunafungua G HUB, ile programu ya Logitech ya kurekebisha vifaa vyake, tunaingia upande wa maiki, maana watu wanaharibu sauti hapa halafu wanailaumu hedseti.

Kabla ya yote, pitisha waya kwenye ile kadi ndogo ya USB iliyokuja nayo. Ukichomeka pini ya milimita 3.5 moja kwa moja kwenye kompyuta, vichujio vya Blue VO!CE huvipati. Blue walikuwa wanatengeneza maiki za studio, Logitech wakawanunua 2018, ndiyo hilo jina unaloliona.

Sasa zima vichujio vyote. Ndiyo, vyote! Jirekodi, jisikilize ulivyo, halafu uwashe kimoja kimoja.

Haipasi, yaani kile kinachokata sauti nzito, kiweke hezi 80. Mtikisiko wa meza na mvumo wa umeme wa hezi 50 vinapungua, sauti yako inabaki. Hicho sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni geti. Kazi yake ni kufunga maiki ukiwa kimya, ifunguke ukiongea. Sasa mtu akisikia feni yake inavuma, anapandisha kiwango cha kufungukia mpaka feni ipotee kabisa. Haya sikilizeni, nimepandisha hivyohivyo: "Mmoja yuko nyuma yako!" Mmesikia? Kimetoka "moja yuko nyuma ya". Sisi tunaanza maneno kibao kwa m na n laini, na silabi ya mwisho tunaishusha. Geti likichelewa kufunguka au likiwahi kufunga, hizo ndizo zinazoliwa, na mwenzako kwenye gemu la PUBG anageuka upande siyo.

Kwa hiyo nyamaza, tazama feni inafika wapi kwenye kipimo. Ikicheza desibeli -50, weka geti -45, usikimbilie -30. Muda wa kufunga uongeze hadi milisekunde 200 hivi. Wa OBS, ile programu ya kurekodi na kurusha laivu, nanyi angalieni: geti lake linakuja limewekwa kufunguka -26. Ukiwa unacheza usiku wa manane unanong'ona, nyumba nzima imelala, hapo hausikiki kabisa.

Kipunguza kelele kiguse kidogo tu. Ukikizidisha unasikika kama unaongea ndani ya ndoo. Kompresa, yaani kile kinachobana sauti kubwa ikaribiane na ndogo, uwiano wa 3 kwa 1 unatosha. Ukiibana sana inainua na feni uliyokuwa unaikimbia. Kichujio cha "s" kiwashe kama zako zinachoma masikio, zangu hazichomi.

Na wewe wa PlayStation, usiinunue kwa ajili ya haya. G HUB ni ya kompyuta. Kwenye pini ya kidhibiti chako utapata maiki kavu.