Penseli P205 na daftari la miraba: uzoefu wangu karakanani

Kazi yangu ni kubuni mashine ndogo za shambani: za kupukuchua mahindi, za kukatakata majani ya ng'ombe, na nyingine za namna hiyo. Wazo zuri mara nyingi linakuja fundi akiwa tayari ameshika mashine ya kuchomelea, anakuuliza, "Injinia, hii shafti tunaiegemeza wapi?" Hapo hakuna muda wa kusubiri kompyuta iwake.

Ninachotumia ni penseli ya kubonyeza, Pentel P205, na daftari la A4 lenye miraba ya mm 5. (Watu wa beringi mtacheka: P205 ni jina pia la nyumba ya beringi, yaani kishikilio kinachoegemeza shafti inayozunguka, ya mm 25. Mezani kwangu zote mbili zipo.) Penseli yenyewe ni ya plastiki, nyepesi, na ncha inatokea kwenye kibomba chembamba cha chuma, kwa hiyo ukichora kwa rula unaona mstari unapopita. Ninazo mbili, za unene tofauti wa risasi: nyeusi ni P205 ya mm 0.5, bluu ni ndugu yake P207 ya mm 0.7. Nyeusi naiwekea risasi ya HB, ya ugumu wa kati, ya kutafutia umbo. Likishakubali, napitisha bluu yenye 2B, iliyo laini na nyeusi zaidi, juu ya mistari ya nje, maana HB peke yake ukiipiga picha kwenye mwanga hafifu haionekani.

Miraba nayo inasaidia kuliko nilivyotarajia. Mraba mmoja nikiuhesabu kuwa mm 50, fremu ya mita 1.2 inakaa kwenye miraba 24, na mkono unachora kwa uwiano bila kupima kila kitu.

Ila kuchora ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kuja kulipata wazo lako mwaka unaofuata. Kila ukurasa wangu una namba na tarehe, na kurasa mbili za mwanzo ni za yaliyomo. Wazo lililokataliwa silifuti wala sichani karatasi. Nalikata kwa mstari mmoja na kuandika sababu pembeni. Kwenye mchoro wa mashine ya kupukuchua, kwa mfano, shafti ya mm 20 imekatwa: "itapinda mkanda ukikazwa". Chini yake ipo ya mm 25 na UCP205 (beringi ikiwa ndani ya nyumba yake ya P205), kitovu kimo cha mm 36.5, matundu ya bolti umbali wa mm 105. Mteja akirudi kutaka ile nyembamba ili apunguze gharama, namfungulia ukurasa tu.

Nimetumia pia kishikwambi chenye kalamu yake. Ofisini ni kizuri: unachora juu ya picha ya saiti na kumtumia mteja papo hapo. Juani kioo kinageuka kuwa cha kujitazamia, na vidole vyenye grisi havielewani nacho kabisa. Halafu kuna hili la kuvuta karibu: unajikuta umetumia nusu saa kunakshi bolti moja wakati fremu bado haina miguu.

Vipimo vikishatulia nahamia FreeCAD, programu ya kompyuta ya kujenga modeli za 3D, ambayo ni ya bure na huria. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ukiijenga modeli vizuri, unabadilisha 20 kuwa 25 na sehemu zinazotegemea kipimo hicho zinafuata. Picha ya ukurasa naiweka folda moja na modeli, jina likianza na daftari na ukurasa, mfano "D3-uk41-kiegemeo". Ukiziacha kwenye picha za simu zitazama kati ya harusi na vikao vya familia.

Kasoro? Kifutio cha penseli ni kidogo mno, nunua kingine. Na penseli yoyote ya aina hii ikidondokea ncha kwenye zege, kibomba kinapinda na habari yake imeisha. Ibebe ncha ikitazama juu. Kama kazi yako ni saketi za umeme na unashinda kwenye kompyuta, huhitaji haya yote. Kwa anayeshinda na mafundi, anzia na daftari, penseli itafuata.