Gesti ya Makambako: elfu 15, na nimelala kweli

Wazee wa malori ya Dar–Tunduma hii ni yenu. Gesti za hii njia nimelala nyingi sana, nyingine nilikuwa nalala na buti mguuni kabisa, ila hii ya Makambako nimeshafika mara tano sasa na nimeona niisemee. Jina siweki, vyumba viko nane tu, mkijaa nyie mimi nitalala wapi? Anayeitaka aulize mama ntilie wa pale njia panda ya Songea, amwambie anatafuta gesti isiyokuwa na baa, ataelekezwa.

Maana zamani nilikuwa nafikia sehemu nyingine, siitaji, chini baa juu vyumba, besi inapigwa mpaka maji yanatetemeka kwenye glasi, saa tisa usiku watu wanagombania bili, saa kumi na moja mtu anakugongea mlango "bro muda umeisha". Unaambulia masaa matatu ya mang'amung'amu, unapiga kahawa, unawasha gari. Nimeenda hivyo mwezi mzima na najiona mwamba kweli. Sasa siku moja niko tambarare za Chimala, saa nane mchana, lami imenyooka, wala sikumbuki kufumba macho, nachokumbuka ni matuta yamenirusha kichwa na tairi za kulia zishavuka mstari ziko upande wa wenzangu wanaokuja. Tanboi pembeni kalala mdomo wazi. Nikaja kupiga hesabu, spidi 80 ukifumba macho sekunde 4 tu gari limeshatembea karibu mita 90 halina dereva. Asee nilipaki nikakaa chini ya mti nusu saa, mikono inatetemeka.

Daktari niliyemsimulia wakati napima presha hata hakushangaa. Kasema mtu mzima anatakiwa angalau masaa 7, na ukikaa macho masaa 17 mfululizo kichwa kinafanya kazi kama cha mtu aliyeshapiga bia kadhaa, ila wewe mwenyewe hujioni, ndo ubaya wake. Na kahawa nayo nilikuwa siielewi. Kumbe kadiri unavyokaa macho kuna kitu kinajikusanya kwenye ubongo kinakuletea usingizi, kahawa haikiondoi, inakizuia tu kisisikike, ikiisha nguvu kinakurudia chote kwa mpigo. Halafu haiishi haraka, ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado iko mwilini. Sasa mimi nilikuwa nashushia na enaji mbili hapohapo!

Turudi kwenye gesti. Nilifika saa tatu usiku, mwezi wa saba, na baridi ya Makambako mnaijua, ule upepo unapita mpaka kwenye mifupa. Mapokezi kuna mama mmoja mtu mzima amejifunga kitenge juu ya sweta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tukuamshe saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akaniangalia macho. "Umebeba nini?"

"Mbolea."

"Mbolea haiozi. Nitakugongea saa kumi na mbili."

Akaondoka zake, hakuna kujadiliana. Nilitaka kukasirika nikaona hata nguvu za kukasirika sina.

Chumba ni kidogo, godoro gumu halina bonde katikati, mablanketi mawili mazito, na kwenye miguu amekuwekea ile chupa ya mpira ya maji ya moto. Hiyo chupa nilidhani ni mapambo ya kibibi, kumbe miguu ikipata joto usingizi unakuja mapema. Pazia ni zito, ukizima taa huoni hata mkono wako. Soketi iko moja tu, mlangoni kule, mbali na kitanda, na hapo nilinuna kweli, mana simu ikiwa kwenye chaji huwezi kuichezea umelala. Sa si ndo nikalala saa nne badala ya saa saba! Sikuota, sikugeuka, fofofo.

Ila msidhani usiku mmoja unamaliza, kesho yake bado nilikuwa mzito, nimekuja kujisikia mtu safari ya tatu hivi. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa kuitia usingizi nimeacha. Unakulaza fasta sawa, halafu saa nane usiku uko macho unahesabu mabati. Siku hizi mchana nikizidiwa napaki Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, napiga kikombe cha kahawa kwanza ndo nalala dakika 20, inaanza kufanya kazi wakati mimi naamka. Ukipitiliza ukalala saa zima unaamka zezeta, na Kitonga haitaki mazezeta.

Mabaya yake sasa. Choo na bafu viko nje, saa kumi usiku utajuta kunywa chai nyingi. Maji ya moto ni ya ndoo na usipoagiza usiku asubuhi unasubiri foleni. Semi haiingii pale, unaiacha yadi ya jirani kwa 2,000, mlinzi yuko macho lakini. Chai na viazi vya asubuhi vya kawaida tu.

Na kuna jamaa yetu mmoja nilimpeleka pale, kalala masaa tisa na bado anasinzia kwenye usukani. Yeye anakoroma mpaka pumzi inakata halafu anashtuka kama anazama, usiku kucha. Huyo gesti haimsaidii, aende hospitali, nishamwambia.

Ukifika omba namba sita. Namba mbili iko ukuta mmoja na banda la kuku, na yule jogoo hajui saa.