Tensiometa kwenye tuta la lambo Uyole: kifaa kizuri, ila msiiamini geji yote

Wakuu mliokuwa mnaulizia tensiometa (ule mrija wa maji wenye kikombe cha kauri chini na geji juu, unapima udongo unavuta maji kwa nguvu kiasi gani), mimi nimekaa nazo mbili tangu Septemba mpaka mvua za Novemba, nimezifunga kwenye tuta la lambo huku Uyole, moja sentimita 30 chini nyingine 60.

Mzigo ulikuja na basi toka Dar nikauchukua stendi ya Nanenane, kauri hazijapasuka, hapo muuzaji nampa hongera. Ila aliniambia inasoma mpaka kilopaskali 100 kama geji ilivyoandikwa, hapo kanipiga changa la macho. Udongo mkavu unavuta maji kupitia kile kikombe cha kauri mshale unapanda, na mwisho wa kifaa kusoma unategemea kanieneo ya hewa, sasa pwani hewa ni kama 101 ila huku mita 1,800 ni kama 81 tu, kwa hiyo mshale ukipita 60 na kitu povu linaanza kwenye mrija halafu mshale unashuka wenyewe, utadhani udongo umelowa kumbe kifaa kimekata pumzi. Niliandika 20 kwenye daftari wiki nzima na tuta linatoa vumbi 😂

Kiangazi kikikolea hamna kitu humo, tumieni karatasi za kuchujia Whatman namba 42, unazifungia na udongo kwenye kopo lisiloingiza hewa angalau siku saba halafu unapima uzito wa hizo karatasi kujua zimenyonya maji kiasi gani, mizani iwe ya maana lakini.

Kufunga kwenye udongo ulioshindiliwa na rola ni kazi haswa. Kauri iloweke usiku kucha, maji yachemshwe yapoe, toboa shimo la saizi ya mrija, mimina uji wa udongo uleule ndo uchomeke. Mimi ya kwanza niliruka hiyo ya uji, mshale ukalala siku tatu.

Mvua zilipoanza ndo nikaipenda. Ile ya juu ilishuka toka 55 mpaka 12 kwa usiku mmoja, ya 60 haikutikisika mpaka siku ya tano. Nilikuwa nimeshatabiri kwa HYDRUS-1D (programu ya bure ya kompyuta ya kukadiria maji yanavyopita kwenye udongo), ikaniambia maji yatafika 60 kwa siku mbili, nikaitukana, kumbe nilichagua tu aina ya udongo kwenye orodha yake na zile namba ni za udongo wa kawaida, wangu vitundu vimebanwa na rola, na udongo ukiwa haujajaa maji njia zenyewe ni chache, maji yanatambaa. Nilipoweka na densiti (uzito wa udongo kwa ujazo wake) niliyopima saiti ikaja siku nne na kitu. Hapo sawa.

Nyota tatu na nusu. Ukinunua chukua na vifuniko vya mpira vya spea, changu kimoja ng'ombe kakanyaga na Mbeya mjini nimezunguka sijapata.