Hema la kukodi Arusha: jiko zuri, zipu ya kutia hasira

Nianze na nyota: mbili. Nilitaka kuweka moja, ila magodoro yalikuwa safi na jiko la gesi liliwaka bila kusumbua, na haki ya mtu apewe. Tukifika mwisho huenda nikazipunguza.

Tulikodi hema kubwa la familia kwenye duka moja la vifaa vya kambi hapa Arusha, vuli ikiwa ndiyo inaanza, tukapiga kambi Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Viingilio na njia ya kutokea Usa River mtaangalia wenyewe. Mimi nina ugomvi na zipu.

Ni zipu ya mlango wa ndani, ule wenye neti. Unavuta kichwa cha zipu, kinapanda vizuri mpaka juu, unashusha pumzi, ukigeuka meno yameachana nyuma yake. Unarudisha chini, unavuta tena polepole, yanashika mpaka kwenye kona, yanaachia palepale. Aliyezoea mahema anaujua ugonjwa huu. Meno hayana kosa, kilichochoka ni kichwa. Kina sahani mbili, ya juu na ya chini, kazi yake ni kuyabana meno ya pande mbili yaingiliane. Vumbi likikaa humo linasaga chuma kidogo kidogo, mwanya unapanuka, mwishowe kichwa kinateleza juu ya meno bila kubana chochote. Hilo halitokei kwa usiku mmoja! Cha kwetu rangi ilikuwa imelika upande wa nyuma mpaka chuma kinang'aa. Anayelipokea hema hilo na kulikunja kila likirudi alikuwa anakiona, akanyamaza, akampa mtu mwenye watoto wadogo.

Kuna atakayesema zipu tu, si mngelala hivyo hivyo. Momella iko juu, mita 1,500 na ushee, na usiku baridi inashuka moja kwa moja kutoka Mlima Meru. Simba hakuna kwenye hifadhi hii, sawa, lakini fisi wapo, na nyati wanakuja kula majani mpaka jirani na kambi. Mlango wa nje ulifungika, ila turubai la nje huishia juu kidogo ya ardhi ili hewa ipite, na nafasi hiyo inatosha kabisa kupitisha siafu. Mvua za kwanza zikinyesha siafu wanahama. Mtoto mchanga akilala karibu na mlango usiofungika, mzazi halali. Mimi naona mlango wa ndani ndio hema lenyewe, mengine yote ni mapambo.

Mkifikwa na haya mkiwa porini, dawa ipo. Rudisha kichwa mpaka mwanzo wa zipu. Chukua koleo ndogo, bana upande wa nyuma wa kichwa, yaani pale meno yanapotokea yakiwa yameshikana, kwanza kushoto, kisha kulia, kwa nguvu kidogo sana. Vuta ujaribu. Bado? Bana tena kidogo. Usibane katikati na usibane kwa hasira, kwa sababu vichwa vingi ni chuma cha kumimina, kinapasuka, na kikishapasuka hakuna zipu tena. Kabla ya hapo sugua meno kwa mswaki mkavu kutoa mchanga, halafu pitisha kipande cha mshumaa juu yake ili kichwa kiteleze. Mafuta ya kupikia msiweke, yanakusanya vumbi na yanaita sisimizi. Kichwa kikikataa kabisa, kutanisha pande mbili za mlango, zikunje pamoja mara moja, ubane kwa vibanio vya nguo kila baada ya shubiri moja, na chini kwenye kona weka pini mbili, maana siafu wanaanzia chini. Vibanio dazeni moja havina uzito wowote kwenye mzigo. Majivu yaliyopoa ya moto wa jioni, ukiyamwaga mstari mnene kuzunguka hema, yanawapunguza siafu, ila yakilowa ni kazi bure.

Huko mjini dawa ni rahisi zaidi. Nyuma ya kichwa huwa kuna namba, 5 au 8 au 10, hicho ndicho kipimo. Unampelekea fundi cherehani, anafumua mshono wa mwisho wa zipu, anatoa kile cha zamani, anaingiza kipya, anashona. Mwambie ni zipu ya nailoni, kwa sababu kichwa cha zipu ya meno ya chuma hakikai hapo hata namba zikifanana. Kichwa chenyewe hakifiki bei ya soda. Ndiyo maana nasema huu ni uzembe, umaskini hauhusiki.

Sasa tuje kwa kijana wa pale dukani. Narudisha hema, namwonyesha kichwa kilivyolika. Hakukitazama. "Mama, hema lilitoka hapa zima. Inaonekana nyumbani hamjazoea mahema, mnavuta zipu kama suruali." Wateja wengine wanasikia, mmoja akacheka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, shika hapa uone, chuma hakiliki namna hii kwa wikiendi moja." Akajibu sheria ya duka ni kwamba kinachoharibika mikononi mwa mteja ni cha mteja, akakata elfu ishirini kwenye pesa yangu ya dhamana. Elfu ishirini! Pesa hiyo inabadilisha vichwa vya zipu vya mahema yote yaliyoning'inia ukutani kwake na chenji inabaki.

Niwe mkweli, kuna jambo moja alilisema sawasawa siku ya kuchukua. Alituonya kwamba asubuhi tutakuta maji kwenye turubai kwa ndani, tusidhani linavuja, ni pumzi za watu. Ni kweli. Watu watano ndani ya hema lililofungwa kwenye baridi ile, mvuke unagonga turubai na kugeuka matone. Namna ya kutofautisha ni kupapasa: maji yakitanda kote sawasawa ni pumzi, yakifuata mstari wa mshono au yakitona sehemu moja ni kuvuja. Mishono ya hema lile ilikuwa mizima, na tepu yake haikuwa imebanduka. Madirisha ya juu yaachwe wazi hata mvua ikinyesha, na nguo za watoto zisigusane na ukuta wa hema. Kijana anaijua kazi. Ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu anayejua hivyo hawezi kuwa hajui zipu iliyokufa.

Vigingi navyo vilikuwa vya waya mwembamba. Udongo wa huko ni wa volkano, ukilowa unalegea, kwa hiyo vigongeni vikiwa vimeinama, kichwa cha kigingi kikiegemea mbali na hema, na mweke jiwe juu. Jambo jingine ambalo hata maduka hayasemi: fungeni zipu zote kabla ya kupiga vigingi vya kona. Ukitandaza hema mlango ukiwa wazi, sakafu inavutika kupita kiasi, na kila ukifunga zipu unapigana na hema zima.

Anayetaka kukodi duka lolote aombe hema litandazwe sakafuni palepale. Kila zipu ifunguliwe na kufungwa mara tatu, hasa kwenye kona, halafu piga picha ya nyuma ya kila kichwa kwa simu mhudumu akiwa anaona. Wakikataa kutandaza, nenda duka jingine. Na manati za watoto zibaki nyumbani, hifadhini hakuna kuwinda hata ndege.

Watoto walifurahi, sikatai. Mbega juu ya miti asubuhi, maporomoko ya Tululusia kwa miguu tukiwa na askari mwenye bunduki, twiga barabarani. Hayo ni ya hifadhi, duka halina sifa hapo. Jiko narudia lilikuwa zuri, na kama ni jiko na magodoro peke yake ningekodi tena kesho.

Ila jana jirani yangu amepita dukani kuulizia, akanitumia picha ya hema wanalompa. Ni lilelile, la bluu, na kichwa ni kilekile kilicholika. Elfu ishirini yangu haikununua hata hicho. Nyota moja, na hiyo ni ya jiko.