Kozi ya jioni ya takwimu mjini Moshi: tathmini yangu baada ya wiki nane

Nilijiunga na kozi hii ya takwimu za biashara na uhandisi, inayofundishwa jioni katikati ya mji wa Moshi, kwa sababu mashine ya kufungasha unga kiwandani kwetu ilikuwa inatusumbua: mfuko wa kilo 5 mara umepungua, mara umezidi, na kila fundi wa zamu alikuwa akichukua spana na kurekebisha kwa kufuata uzito wa mfuko mmoja tu aliotoka kuupima.

Somo lililonirudishia ada yangu lilikuja wiki ya pili. Mwalimu alileta debe la maharage mekundu na meupe yaliyochanganywa, meupe yakiwa moja ya tano, akamtaka kila mmoja wetu achote 50 bila kuangalia, kisha ahesabu meupe. Mimi nilipata 7, jirani yangu 14, na mara tukaanza kutafuta sababu, kwamba huyu kachota juu na yule kachota chini. Ndipo alipotuonyesha kwa hesabu kwamba kwa debe lile lile, kupata idadi yoyote kati ya 2 na 18 ni jambo la kawaida, na kwamba anayemlaumu aliyepata 14 analaumu bahati. Hapo nilimkumbuka fundi wetu na spana yake, kwa maana kila alipoifukuzia bahati alikuwa akiongeza tofauti badala ya kuipunguza.

Kutoka hapo tulifundishwa chati ya udhibiti, yaani mchoro wa nukta za vipimo kwa mfuatano wa muda, wenye mpaka wa juu na wa chini wa tofauti za kawaida; chati hii Walter Shewhart aliibuni mwaka 1924 alipokuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu nchini Marekani. Nilipeleka vipimo vyangu darasani, mifuko mitano kila nusu saa. Wastani ulikuwa gramu 5,040, na tofauti kati ya mfuko mzito na mwepesi katika kila kundi ilikuwa, kwa wastani, gramu 60. Tukazidisha 60 kwa 0.577, namba ya jedwali kwa makundi ya vipimo vitano, tukapata takriban 35, hivyo mipaka ya wastani wa kundi ikawa 5,005 na 5,075. Sasa mashine haiguswi ikiwa wastani wa kundi umo ndani ya mipaka hiyo na nukta hazielemei upande mmoja kwa muda mrefu.

Upande wa rigresheni, yaani kukadiria kiasi kimoja kutokana na kingine, kozi haikunitosheleza hata kidogo. Ilipewa jioni mbili tu, mifano ikawa bei za nyumba za miji ya ng'ambo, ilhali darasani walikuwemo watu wa kahawa na wa hoteli wenye takwimu zao wenyewe. Zaidi ya hayo, hatukuonywa vya kutosha kwamba vitu viwili kupanda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimesababisha kingine, na hilo ndilo kosa ninaloliona kila mara katika taarifa za mauzo. Kompyuta moja ilitumiwa na watu watatu.

Kwa msimamizi wa uzalishaji au wa ubora, naipendekeza bila kusita. Mtu wa masoko anayehitaji zaidi makadirio ya mauzo aulize kwanza kama sehemu ya rigresheni imeongezewa muda, na yeyote atakayejiunga aende na kompyuta yake pamoja na vipimo vya kazini kwake vya angalau wiki mbili.