Kusoma muziki kwenye chuo cha kanisa Lubumbashi: uzoefu wangu

Wanakwaya wenzangu wa mtaa wa Katuba hawachoki kuniuliza kama kuna faida kulipa minervali, yaani ada ya masomo, ya chuo cha kanisa ili usome muziki. Anayetaka kuongoza kwaya, aende. Anayetaka kutoka pale akiwa mpiga piano wa kweli, afikiri mara mbili. Jina la chuo naliacha, kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Nilikokulia, wimbo mpya tuliushika kwa sikio. Mwalimu anaimbia soprano mpaka wauzoee, anahamia alto, na huku nyuma tenori na besi wanapiga soga. Jumamosi inaisha hivyo. Chuoni nikakuta solfeji asubuhi, kabla ya ibada: unawekewa karatasi usiyowahi kuiona, unapewa noti ya kuanzia, unaimba. Profesa wetu, mzee mkali aliyetuita sote ndugu, alikuwa anakunyang'anya karatasi katikati ya mstari na kuuliza, "Ndugu, unasoma ao unakumbuka?" Ukijibu "Nakumbuka, papa," unaanza upya. Leo nikipewa wimbo wa sauti nne Alhamisi, kwaya inauimba Jumapili.

Jambo jingine lililonifaa ni la huku kwetu mpakani. Sisi tulirithi solfeji ya Kifaransa, ambamo do ni noti ile ile siku zote. Lakini karatasi nyingi tunazoletewa na kwaya za Zambia zimeandikwa kwa herufi, d, r, m, kwa mfumo wa toniki solfa ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Humo do inahama: wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa sol, sol ndiyo inayoitwa do. Nimeona kwaya mbili zikigombana kwenye mazoezi ya pamoja, kila moja ikidhani nyingine imepotea, na zote zilikuwa sahihi. Chuoni tulifundishwa kusoma mifumo yote miwili na kuandika upya kutoka huu kwenda ule. Somo hilo peke yake lilinirudishia fedha yangu.

Kuhusu ala, nitasema wazi. Piano za mbao ni chache na zinateseka. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi inakauka na mbao zinasinyaa. Mvua zikirudi zinavimba, na fundi wa kukaza nyuzi hapatikani kirahisi. Vinanda vya umeme vipo, ila umeme ukikatika jioni, ndiyo saa yenyewe ya mazoezi, vinanyamaza vyote. Nilipenda kitu kimoja: kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, ambacho wapiga kinanda wengi wa kanisani hawawezi kuishi bila hicho, kilikuwa kimebandikwa plasta. Ukitaka mi bemoli, uitafute kwa vidole.

Historia ya muziki ilinichosha. Tulikaa na Bach na Händel, watunzi wa Ujerumani waliozaliwa wote mwaka 1685, muda mrefu sana, na sina ubaya nao; Bach mwenyewe alikuwa mtumishi wa kanisa kule Leipzig. Lakini Joseph Kiwele, mtunzi wa hapa hapa aliyeandika muziki wa misa na wimbo wa taifa la Katanga ilipojitenga na Kongo, aliyefariki mwaka 1961, alipita kama abiria wa basi. Gitaa nalo halikuwa na darasa kabisa, eti ni la baa. Na hii ndiyo nchi ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na ambaye wapiga gitaa wa Ulaya wanahangaika kuiga vidole vyake! Kanisa lile lile linalokataa gitaa darasani linaliita Jumapili wakati wa sadaka.

Mdogo wangu ameanza mwaka huu kwa ajili ya solfeji na uongozaji wa kwaya. Gitaa anafundishwa na mjomba kule mtaa wa Kamalondo. Na wewe, kabla ya kulipa, omba kuingia chumba cha piano mwezi wa nane, ukavu ukiwa umekolea. Piga do ya katikati pamoja na do ya juu yake, usikilize kama zinapatana, ndipo uulize bei.