Cyber ya River Road ya kusaidia na leseni: nyota nne

Kama uko na biashara ndogo hapa Nairobi na umechoka kuzungushwa na mambo ya leseni, kuna cyber moja River Road, ghorofa ya kwanza, ngazi ziko kando ya duka la mabegi. Mashine zao ni za zamani, ile kibodi ya dirishani herufi zimefutika zote unabahatisha tu. Lakini hawa vijana wanakuambia kile huhitaji, na hiyo sijaipata kwingine.

Mimi niko na kinyozi ya viti viwili. Jirani wa ploti alikuwa amenitisha ati lazima nijisajili kwa mambo ya ulinzi wa data juu naandika namba za wateja. Kijana akaniuliza tu, boss mko wafanyakazi wangapi, na kwa mwaka unaingiza pesa ngapi. Kumbe kanuni za 2021 zimesamehe biashara ambayo haifiki milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi hawafiki 10, isipokuwa kazi fulani kama hospitali, shule na mikopo, hizo ziwe ndogo aje lazima zijisajili. Turnover tax pia, ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo, kama mauzo ya mwaka hayapiti milioni 1 hiyo sio yako. Ukipita ndio shida, ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na wanakata kwa mauzo yote sio kwa faida, yaani hata mwezi umekula hasara unalipa.

Nikiwa hapo kwa foleni kukaingia mathe wa nafaka, anauza maharagwe na ndengu kwa debe, ajenti fulani alikuwa amemsajilia VAT akamchaji pesa nzuri kabisa. VAT ni ya lazima mauzo yakifika milioni 5, na nafaka ambayo haijasindikwa hata haitozwi! Sasa kila tarehe 20 mathe anatakiwa apeleke ritani hata kama ni ya sufuri, akichelewa faini inaanzia 10,000. Akauliza, "Kijana wangu, na mimi nauza ndengu tu, nilikosea serikali nini?" Walimwandikia ombi la kuondolewa hapo hapo.

Ukutani wamebandika karatasi ya manila imeandikwa kwa felt pen, wamegawa kwa kazi: kinyozi na saluni, kibanda cha chakula, duka, mtumba. Chini ya chakula utaona cheti cha daktari kila miezi 6, chini ya kinyozi kuna leseni ya muziki kama unawekea wateja redio. Basi. Serikali inapenda kusema imepunguzia mwananchi mzigo kwa sababu kila kitu kiko kwa simu, lakini kuhamisha fomu kutoka kaunta hadi kwa simu sio kuipunguza, fomu ni ile ile. Nitasifu kaunti kwa hii kibali moja, leseni ya biashara, zimamoto, afya na bango zote zimeingizwa pamoja, hiyo ni kazi imefanyika. Lakini iTax ya ritani za kodi bado ni kivyake, eTIMS ya risiti za kodi kivyake, NSSF ya pensheni kivyake, na hakuna mahali utaandika "kinyozi, viti viwili" uambiwe zako ni hizi na zile zingine achana nazo. Manila ya shilingi kidogo inaweza.

Bei sio mbaya, kuombewa kibali ni mia tano na ada yenyewe unalipa kwa simu yako ukiona inaenda wapi, hakuna kupea mtu cash.

Nyota ya tano wameipoteza hivi: pasiwadi za wateja wanaandika kwa exercise book inayokaa tu kaunta, ukiegemea unasoma ya mwenzako na jina lake. Na hao ndio walinifundisha ulinzi wa data haki! Nikaomba yangu ikatwe, akaikata bila maneno, lakini wengine hawaombi.

Usiende karibu na tarehe 20 ama mwisho wa Juni, hutapata hata pa kusimama. Beba kitambulisho, PIN ya KRA, na ile laini uliyojisajilia nayo kwa sababu ile code ya kuingia inatumwa huko, kuna mama alirudi mpaka Kayole kutafuta laini ya bwanake.